Nyumba Haina Edda

Kumb. Na. TS/NYB/BGR/01
Dareda
4 Agosti 2025

Kwa Mpangaji,
Bi. Coletha (Mama Octavian),
Bagara, Babati.

Yah: KUZIMIKA-ZIMIKA KWA UMEME KATIKA NYUMBA YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jirani yako Jovita alifika huku Dareda kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Amenieleza kwamba breka ya nyumba yangu ya Bagara inaruka mara tatu hadi nne kwa wiki, na kwamba Jumatano iliyopita nyumba nzima ilikaa bila umeme kutwa. Nyumba hiyo niliijenga mwenyewe na kuifunga umeme mwaka 2004. Miaka yote niliyoishi humo na familia yangu breka haikuruka hata siku moja. Imekuja kuruka ulipoingia wewe na hilo jokofu lako la mtindi. Hesabu hiyo haihitaji karani, ingawa mimi nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na moja.

Jokofu lenyewe nililiona siku linaletwa kwa guta. Miguu ina kutu, mlango umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kitu cha namna hiyo huku kwetu tungekihifadhia pumba za kuku.

Ninachotaka ni kimoja. Umeme wa nyumba yangu usizimike, hata kwa saa moja. Leta maelezo kwa maandishi. Usinipigie simu, kwani simu yangu ni ya kusikilizia redio na kupokea habari za misiba, na mkataba uliotia sahihi, kifungu cha saba, unasema mawasiliano yote ni kwa barua. Mpe konda wa basi la asubuhi, ataiacha dukani kwa Leonard.

Theodory Sulle
Karani Mstaafu na Mwenye Nyumba


Bagara
6 Agosti 2025

Baba Rogathe,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Shikamoo nimeiandika kwa sababu nisingeiandika mama yangu angefufuka anichape. Usidhani ni kitu kingine.

Barua yako nimeipata ikinuka samaki wa mfukoni kwa konda. Nimeisoma kwa sauti mbele ya friji, ili nalo lisikie linavyotukanwa na mtu aliyesoma.

Nianze na hesabu yako ya karani. Mimi nimeingia hapa mwaka juzi mwezi wa pili, na friji hili hili, kwa tyubu hii hii. Breka imeanza kuruka Juni mwaka huu. Sasa miaka miwili na zaidi friji lilikuwa linangoja nini, kibali cha mahakama?

Halafu sikiliza, maana hili ni jambo la ajabu na namweleza mtu ambaye najua atacheka. Breka hairuki friji linapowaka. Hairuki linapozima. Wateja wanasimama na viatu vyao, wanafungua mlango, wanatoa mtindi, wanafunga, hakuna kitu. Inaruka ninapoligusa mimi, asubuhi, nikiwa nadeki peku. Kwanza nasikia kama sisimizi mkononi, halafu paa! Nyumba nzima imezima. Jumatano hiyo unayoisema ilinipiga hadi begani, nikakosa moyo wa kuirudisha, nikakaa uani hadi jioni. Nina watoto watatu wanaosoma kwa mtindi huu, mzee. Sitaki siku moja wanikute sakafuni nimelala na dekio.

Na wewe uko Dareda huko na ng'ombe wako. Umeme wa Bagara ukizima saa moja unakuuma wapi? Ukikatika mji mzima mbona hatusikii Kumb. Na. yoyote? Na kile chumba chako chenye kufuli mbili, kinachonguruma kutwa na kuninyonyea luku, kina nini?

Coletha, Mama Octavian
Mpangaji na Mwenye Friji


Kumb. Na. TS/NYB/BGR/02
Dareda
8 Agosti 2025

Yah: BREKA INAYOMJUA MTU

Marahaba.

Maelezo yako nimeyasoma mara mbili, ya pili kwa kucheka, kama ulivyotabiri. Mahakamani nimewahi kuandika maelezo ya mtu aliyeapa kwamba ng'ombe alijiiba mwenyewe. Yako yameyapita. Eti breka inakujua! Inawaacha wateja wapite, inamngoja Mama Octavian avue viatu! Ina daftari la majina hiyo? Mtu akishindwa kununua jokofu la maana asisingizie nyumba ya watu.

Umeme ukikatika mji mzima hilo ni la serikali, na mimi sijaipangisha serikali. Nimekupangisha wewe. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwahi kuonana nawe.

Chumba changu kina vitu vya familia. Hakikuhusu, wala kunguruma kwake hakukuhusu.

Natoa maelekezo kama ifuatavyo. Hilo jokofu litoke nyumbani kwangu kabla ya tarehe 31 Agosti, au utoke nalo. Kama unaye fundi wa kulitetea, alete ripoti ya maandishi. Awe fundi umeme, si hao wa kufungua redio chini ya mwavuli. Hadi hapo, ukilikaribia hilo jokofu vaa viatu, kama binadamu wengine.

Theodory Sulle
Karani Mstaafu na Mwenye Nyumba


Bagara
13 Agosti 2025

Baba Rogathe,

Shikamoo.

Ulitaka maandishi, haya hapa. Fundi anaitwa Leonsi, yuko Singe, na ana cheti chenye picha. Ameanza kwa kulihamishia friji kwa Jovita, mpelelezi wako. Limekaa huko siku tatu. Jovita ameligusa peku, ameliosha, ameliegemea akiongea na simu. Kimya. Limerudishwa kwako, fundi akaweka testa kwenye mwili wa friji, ikawaka. Akalizima friji, testa ikaendelea kuwaka. Alipochomoa plagi ukutani ndipo ikazima. Akachomeka pasi yangu, nayo mwili mzima unawasha testa. Sasa pasi nayo niitoe kabla ya tarehe 31?

Mengine ameandika mwenyewe kwa mkono wake. Nimeipokea karatasi, nimeikunja, nimeitia kwenye bahasha. Sikuongeza neno wala sikupunguza, usije ukasema nimempikia. Isome mwenyewe, si wewe ndiye msomi? Ukishasoma, uniombe radhi mimi, halafu friji.

Coletha, Mama Octavian

(Imeambatanishwa.)

RIPOTI. FRIJI NI ZIMA. KOSA NI LA NYUMBA. NYUMBA HAINA EDDA. EDDA ILIKUWEPO NYUMA YA JIKO, SHIMO LIPO HADI LEO, ILA MWENYE NYUMBA AMEICHIMBUA AKAIONDOA. NYUMBA BILA EDDA INAPIGA WATU. ATAFUTE EDDA NYINGINE HATA YA BEI RAHISI, AIPIGE NYUNDO, AIZIKE HARAKA, AIMWAGIE MAJI. AKICHELEWA MTU ATAKUFA. NI MIMI LEONSI FUNDI UMEME, SINGE.


Kumb. Na. TS/NYB/BGR/03
Dareda
15 Agosti 2025

Yah: NOTISI

Leo hakuna marahaba.

Edda ni jina la mke wangu. Alifariki tarehe 9 Novemba 2022. Amezikwa hapa Dareda nyuma ya nyumba ya baba yangu, na kaburi lake nalifagia mimi kwa mkono wangu. Mimi ndiye nimemchimbua? Mimi nitafute mwingine wa bei rahisi, nimpige nyundo, nimzike haraka?

Nimekaa na wezi wa mifugo. Nimekaa na walevi waliowapiga mama zao. Nimeandika matusi yote yanayosemwa katika wilaya hii, neno kwa neno, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yangu. Hili halijawahi kupita kwenye kalamu yangu. Huyo fundi wako ni mshenzi, lakini mshenzi hana elimu. Wewe uliipokea karatasi, ukaikunja vizuri, ukaitia kwenye bahasha, ukaniambia niisome kwa kuwa mimi ni msomi. Wewe ni mbaya kuliko yeye.

Una siku kumi na nne. Sitaki jokofu, sitaki mtindi, sitaki shikamoo yako.

Na Jumamosi tarehe 23 nakuja mwenyewe pamoja na Yoakimu, mtoto wa dada yangu. Ataing'oa hiyo breka na kuunga nyaya moja kwa moja, ili umeme wa nyumba yangu usizimike tena. Breka ndiyo iliyokupa mdomo.

Theodory Sulle


Bagara
18 Agosti 2025

Baba Rogathe,

Shikamoo. Ya leo ni ya kweli.

Sikujua. Naapa mbele ya Mama Bikira Maria, sikujua. Tangu nimeingia Bagara kila mtu akimtaja mkeo anasema Mama Rogathe. Jovita anasema Mama Rogathe, kwenye jumuiya wanamwombea Mama Rogathe, na wewe mwenyewe kwenye mkataba umeandika "marehemu mke wangu". Jina lake la ubatizo nimelisoma kwako kwa mara ya kwanza. Nimelia, na mimi si mtu wa kumlilia mwenye nyumba. Karatasi ile ningeisoma kwa utulivu ningeona haieleweki, lakini nilikuwa na haraka ya kukuaibisha. Hapo nimekosa. Nisamehe.

Sasa nisikilize kabla hujaichana hii. Edda ya fundi si mtu. Ni chuma, fimbo ya shaba inayopigiliwa ardhini. Waya wa kijani unatoka ndani ya nyumba na kufungwa juu yake, ili umeme unaovuja ushuke ardhini badala ya kupita kwa mtu. Mafundi wengine wanaiita ethi. Leonsi kwao ni Mbulu ndani kabisa, ulimi wake na hiyo "th" hawasalimiani. Anasema edda, na anaandika anavyosema. Nilipomwambia jina la mkeo alikaa chini akashika kichwa. Nimemgombeza hadi nikamwonea huruma.

Ya kwako haipo. Waya wa kijani uko nyuma ya jiko unaning'inia juu ya shimo tupu. Kuna kitu ndani ya nyumba hii kinavujisha umeme. Huo umeme haupati pa kushukia, unazunguka kwenye kila chuma kilichochomekwa, hadi unikute mimi, peku, kwenye sakafu yenye maji. Breka inaruka kwa sababu inaona umeme unapita kwangu. Ndiyo, mzee, inanijua, na wewe ulicheka. Yoakimu akiing'oa, hakuna kitakachonijua tena. Itakuwa ni mimi na umeme hadi mmoja wetu aishe.

Nifukuze, sawa, nyumba ni yako. Breka iache.

Coletha


Kumb. Na. TS/NYB/BGR/04
Dareda
20 Agosti 2025

Yah: MAELEZO YA ZIADA YA MPANGAJI

Yamepokelewa, na yametupwa.

Chuma kikaitwa Edda! Nimeona mashahidi wakibadilisha maelezo wakibanwa, ila sijaona aliyeuchukua uongo wake akaupeleka kubatizwa. Hapo nyuma ya jiko mimi sikuondoa kitu isipokuwa mchaichai wa marehemu, ambao niliung'oa na shina lake nikaja kuupanda huku, kwa kuwa ulikuwa wake. Kama mchaichai nao unatumia umeme, mwambie fundi aandike ripoti nyingine.

Jumamosi saa nne asubuhi. Deki vizuri. Sipendi kuingia nyumba chafu.

Theodory Sulle


Bagara
25 Agosti 2025

Baba Rogathe,

Shikamoo, na pole. Yoakimu amepiga simu akasema umetoka hospitali ukiwa na bandeji mkono mmoja na hasira mbili. Viatu vyako viko hapa. Nimevipiga rangi.

Siku mbili nimekaa nikifikiria niandike nini. Ile methali ya guu siiandiki, unaijua.

Lakini wewe ni mtu wa kumbukumbu, basi ziwepo. Nilikuambia mlangoni usivue viatu. Nikakuambia tena kwa kupiga kelele, hadi Jovita akatoka nje. Ukajibu kwamba wewe ulilelewa, na mtu aliyelelewa hakanyagi sakafu iliyodekiwa kwa viatu, hata kama aliyedeki ni mimi. Ukavua, ukavipanga ukutani. Ukapita majini na soksi zako hadi kwenye friji, ukalishika kwa mikono miwili ulivute nje. Jamani! Sijawahi kusikia mwanaume wa umri wako akitoa sauti ile. Breka ikaruka, ukaanguka. Yoakimu na koleo lake alikuwa bado uani anatafuta ngazi. Angeipata ngazi mapema, leo barua hii ningekuwa namwandikia Rogathe, na sijui ningeanzaje.

Nilidhani ukizinduka utanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Ukaniuliza, "Umeme umerudi?" Nikasema bado. Ukaanza kulia, ukawa unatazama mlango wa kile chumba.

Leonsi amekuja kusikiliza pale mlangoni. Breka ikishushwa, kunguruma kunanyamaza. Ikipandishwa, kunaanza. Anasema kinachovujisha kimo humo. Ni friji, Baba Rogathe? Muda wote huu unalitukana la kwangu, na wewe unalo lako?

Fundi aliagiza niishushe breka na nisiipandishe hadi chumba kifunguliwe. Sijamtii. Nilivyokuona unauliza, nimeshindwa. Natembea na raba humu ndani kutwa, watoto nimewapeleka Sigino kwa dada, friji langu nimelichomoa na mtindi nimegawia majirani kabla haujaharibika. Biashara yangu imesimama kwa ajili ya mtu aliyeniita mbaya kuliko mshenzi. Kwa hiyo lete funguo, na ulete upesi. Mimi si mtakatifu.

Coletha, Mama Octavian


Kumb. Na. TS/NYB/BGR/05
Dareda
27 Agosti 2025

Yah: OMBI LA NAFASI KWENYE FRIJI

Marahaba, Mama Octavian.

Nilipotoka hospitali nilikwenda moja kwa moja zizini. Ndama wangu nimemfunga kwenye kigingi cha chuma. Chuma hicho nilikikuta katikati ya mizizi ya mchaichai, siku nilipoung'oa hapo Bagara baada ya arobaini ya mke wangu. Niliona kinafaa nikaja nacho. Juzi nimekichomoa na kukiosha. Ni shaba. Juu kina kibanio, na kwenye kibanio kuna kipande cha waya wa kijani. Nimekaa nacho mapajani hadi jua likazama, na ndama ameingia kwenye mahindi ya watu.

Ndipo nikakumbuka. Edda alikuwa anamwaga maji pale kila Jumapili kabla ya misa, na chumvi kidogo. Fundi aliyefunga umeme ndiye aliyemwagiza, akisema ardhi ile isikauke. Mimi sikusikiliza, nilikuwa nakagua maandishi ya mkataba wa fundi. Nilimcheka mke wangu miaka kumi na minane kwamba anamwagilia chuma ili kiote. Yeye akapanda mchaichai juu yake, akasema basi maji yasiende bure. Tukawa tunakunywa chai ya mchaichai huo na mimi naendelea kumcheka.

Chumbani ni friji lake. Sehemu ya barafu kuna kopo la maziwa mgando, kifuniko cha bluu, halizidi kiganja. Aliyaweka asubuhi ile tulipompeleka hospitali. Alisema nisiyaguse, atarudi kuyamaliza. Sijayagusa. Ndiyo maana sikutaka umeme uzimike hata saa moja, na ndiyo maana sikukuambia kwa nini. Nilijua utacheka. Ukipenda, cheka.

Fundi akilichomoa friji hilo, yatayeyuka. Kwa hiyo, kwa heshima, naomba nafasi ya kopo moja kwenye friji lako.

Notisi ya tarehe 15 imefutwa. Funguo zote mbili zimo humu. Chuma Yoakimu anakileta mwenyewe, pamoja na shina la mchaichai. Mwambie Leonsi akipige pale pale. Mwambie pia sina kesi naye.

Kuhusu breka kukujua, maelezo yako yalikuwa sahihi.

Theodory Sulle


Kumb. Na. COL/FRJ/01
Bagara
30 Agosti 2025

Kwa Mwenye Nyumba,
Dareda.

Yah: JIBU LA OMBI LA NAFASI KWENYE FRIJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shikamoo.

Ombi limekubaliwa. Nimeona umeandika friji na si jokofu, na limeambiwa.

Kopo nimelihamisha mwenyewe, nimelifunga kwenye khanga, hatua saba kutoka chumbani kwako hadi kwangu, Jovita akinifungulia milango. Halikuyeyuka. Liko sehemu ya barafu, nyuma ya mtindi wangu, na mlango nimeukaza kwa ule mpira wa tyubu. Sikucheka. Nilitaka kukucheka tangu barua yako ya kwanza, na siku ilipofika nimeshindwa, umeniharibia.

Friji la Mama Rogathe panya wamekula nyaya zake kwa nyuma, zinagusana na bati. Leonsi alipoweka testa alitoa neno ambalo siliandiki kwa mzee. Anasema linatengenezeka. Nimelifuta vumbi, nikamwachia.

Chuma kimerudi pale pale nyuma ya jiko. Mchaichai nimeupanda juu yake. Kesho ni Jumapili, nitamwaga maji kabla ya misa, na chumvi nimeshaitenga. Asubuhi ya leo nimedeki peku, nikaligusa friji kwa mkono uliolowa, Jovita pembeni na rozari yake. Hakuna sisimizi. Breka haikuruka. Watoto wanarudi jioni hii.

Bado nakuona ni mtu mgumu, mwenye dharau na mwenye kifungu cha saba, na siku ukija tutagombana. Ila njoo uchukue viatu vyako. Safari hii ukitaka kuvua, vua.

Nakuambatanishia ripoti ya fundi. Hii nimeisoma kabla ya kuitia kwenye bahasha. Nilishika kalamu nimsahihishe, halafu nikaiweka chini.

Coletha, Mama Octavian
Mpangaji na Mwenye Friji

(Imeambatanishwa.)

RIPOTI. NIMEPIMA MARA MBILI. NYUMBA INA EDDA. HAIPIGI MTU. LEONSI FUNDI UMEME, SINGE.